Aliyenifichia Sukari Njia ya Newala

Tangu nirudi, kila anayepita hapa kwa mafundi baiskeli ananiuliza swali lile lile: mtu anaendaje Newala, safari ya kutoka asubuhi na kufika mchana, akakaa njiani siku tatu? Wengine mmesikia nilianguka kwa ulevi. Wengine mmesikia nililishwa kitu mlimani. Aliyesema nimeoa huko sijui habari hiyo aliiokota wapi, lakini naye atapata jibu lake. Naandika mara moja nisije nikarudia kwa kila mtu, na nitafuata njia kituo kwa kituo. Mambo yenyewe bado hayajakaa sawa kichwani mwangu, ila njia naikumbuka.

Masasi

Mnajua nina kisukari. Mnakijua kwa namna nilivyowaambia mimi, yaani kwamba sinywi soda. Sikuwaambia kwamba kila asubuhi, kabla hamjafungua banda, najidunga sindano ya insulini, na kwamba nikiikosa siku chache naweza kufa. Si siri kubwa. Ni kwamba mtu anayehamahama kama mimi akianza kueleza ugonjwa wake kila anapofika, hapati kazi wala hapati pa kulala.

Basi dawa ikakaribia kwisha. Zamani ilikuwa rahisi kuelewa: dawa iko hospitali au haiko, umemaliza. Tangu biashara ifunguliwe kumekuwa na maduka ya dawa ya watu binafsi, na dawa imekuwa kama mitumba, leo iko mji huu, kesho imehamia mwingine, na hakuna anayejua kwa nini. Muuza duka wa hapa kwetu alinitazama akasema, "Insulini? Nenda Newala. Kuna muuguzi mstaafu amefungua duka, ana friji ya mafuta ya taa." Nikamuuliza kwa nini Newala iwe nayo na Masasi isiwe nayo. Akasema, "Hata mimi najiuliza."

Kichupa changu kilikuwa na dawa ya siku tano.

Naomba mwamini kwamba nilijiandaa. Kichupa nilikifunga kitambaa kibichi nikakitia ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa, kisipate joto. Nilichukua sindano, na nikachukua robo kilo ya sukari ndani ya mfuko wa nailoni. Sukari hiyo ndiyo kisa chenyewe, kwa hiyo naieleza sasa. Mwenye kisukari ana hatari mbili. Sukari ikipanda mwilini, inamharibu taratibu. Lakini akishajidunga dawa halafu asile, au akatembea sana juani, sukari inashuka, na ikishuka haina subira: anatetemeka, anatoka jasho, anasema ovyo, anaanguka, na asipopata kitu kitamu upesi huenda asiamke. Mimi hayo nilifundishwa na nikayajua. Nilidhani kujua kwangu kunatosha.

Nilipata lori la mnunuzi wa korosho, limebeba magunia matupu kwenda kujazwa huko juu. Juu ya magunia tulikuwa wawili, mimi na Mama Asumini, mama mtu mzima wa hapa Masasi aliyekuwa akienda Newala kumtazama bintiye aliyejifungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogeza kopo lako, linanilowesha."

Ndivyo tulivyofahamiana.

Chiungutwa

Tulifika Chiungutwa mapema, jua halijawa kali, tukadhani tutapita tu. Dereva, anaitwa Baba Rehema, alisimama kuuliza bei ya korosho. Hapo ndipo safari ilipoharibika.

Nisaidieni kuelewa. Alikuwepo mnunuzi mwingine kabla yetu, na bei yake. Sisi tukaleta bei ya tajiri wetu, ambayo ilikuwa juu kidogo. Wakulima wote wakaacha kuuza. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekalia gunia lake kama kuku anayeatamia, "Mzee, mbona bei imepanda na hamuuzi?"

"Kwa kuwa imepanda," akasema.

"Sasa?"

"Sasa wakija wawili imepanda. Akija wa tatu je?"

"Na asipokuja?"

"Enzi za chama cha ushirika tulikuwa hatuna wa kumsubiri. Tuache nasi tusubiri kidogo."

Tukamsubiri mtu wa tatu ambaye hakuna aliyejua kama yupo. Saa zikapita. Mama mmoja akaleta chai ya birika na mihogo ya kuchemsha. Chai ilikuwa imetiwa sukari humo humo birikani, kama ilivyo kawaida, nami nikarudisha kikombe.

"Hupendi chai yangu?" akauliza yule mama.

"Naipenda. Nina kisukari, mama. Sukari kwangu ni sumu."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu mwenyewe. Ni jibu ninalolitoa kila mahali kwa kuwa ni fupi na linaeleweka. Watu wote wakageuka. Mmoja alikuwa na mjomba aliyekatwa mguu. Mwingine alijua mti unaotibu, ila uko upande wa pili wa Ruvuma. Mama Asumini, ambaye hadi hapo alikuwa hana neno nami zaidi ya kopo, alinyanyuka akatangaza:

"Mmesikia? Kijana huyu asiuziwe kitu kitamu! Ndizi mbivu asipewe! Mabibo asipewe! Hata akilia!"

"Hata akilia!" wakaitikia, wakacheka.

Nilifurahi. Sijawahi kuwa na mtu wa kunilinda safarini. Mnunuzi wa tatu hakuja, tukalala pale pale, na asubuhi wakulima wakauza kwa bei ile ile ya jana.

Lulindi

Springi ya lori ilikatika karibu na Lulindi. Baba Rehema akachukua baiskeli ya mtu akaenda kutafuta nyingine, akasema anarudi sasa hivi. Mnaijua sasa hivi ya dereva.

Mimi nikazurura. Nilitazama kanisa, nikauliza nani aliyakata mawe yake na yalibebwaje, nikapata majibu matatu kutoka kwa watu watatu, wote wana hakika. Niliporudi kwenye lori nilimkuta Mama Asumini anabishana na mwalimu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli kwenda Chidya. Alikuwa mtu wa maneno ya upole, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo isiguse mnyororo. Walikuwa wananibishania mimi.

"Si sukari ya dukani peke yake, mama," mwalimu alikuwa anasema. "Hata ugali ukifika tumboni unageuka sukari."

"Ugali ugeuke sukari?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, kama ni hivyo si tungeukoroga kwenye chai, miaka ile ya kupanga foleni ya sukari?"

Watu wakacheka, mwalimu akacheka pia, akapanda baiskeli yake akaenda. Lakini neno lake lilibaki. Jioni tulipopewa ugali wa muhogo na kisamvu, Mama Asumini alikata ugali wangu nusu akaurudisha kwenye sahani kubwa.

"Mama, nina njaa."

"Najua. Vumilia. Mwalimu kasema."

Kumbe alikuwa hamwamini mbele ya watu tu.

Jambo lingine la Lulindi sikulijua hadi baadaye, ila nalisema hapa msije mkapotea. Nilipokuwa nazurura, mvua ndogo ilipita. Mama Asumini akafungua begi langu kutia shati langu lililokuwa limeanikwa, akakuta mfuko wa sukari. Akatazama huku na huku. Mgonjwa wa kisukari anatembea na robo kilo ya sukari ameificha chini ya nguo! Akaona mimi ni kama mlevi anayeficha chupa. Akaitoa, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, asimwambie mtu. Aliniokoa, kwa alivyojua yeye.

Baba Rehema alirudi na springi jua linazama. Tukalala Lulindi.

Mlimani

Asubuhi ya siku ya tatu nilijidunga kipimo changu kile kile cha kila siku. Tulipewa uji usio na kitu, nusu bakuli, kwa amri ya mlinzi wangu. Nikajisemea si neno, Newala iko pale juu inaonekana, nitakula nikifika. Hilo lilikuwa kosa langu na si la mtu mwingine.

Lori lilipanda kipande, likachemka. Likapoozwa, likapanda, likachemka tena. Mwisho Baba Rehema akasema, "Abiria shukeni mtembee, mtanikuta juu au nitawakuta." Tukaanza kupanda kwa miguu. Jua lilikuwa kali na vumbi jekundu. Mama Asumini akawa nyuma na mzigo wake kichwani, mimi mbele, kwa kuwa siwezi kutembea polepole.

Nikaanza kutoka jasho ambalo halikuwa la jua. Lilikuwa la baridi. Vidole vikatetemeka. Hali hiyo naijua. Nikakaa chini, nikafungua begi, nikatia mkono. Shati. Kopo. Sindano. Nikatoa kila kitu nikakipanga barabarani. Nikakirudisha. Nikakitoa tena. Mama Asumini akanifikia nami napanga vitu kama muuza mitumba.

"Mama, sukari yangu."

"Iko salama."

"Nipe."

"Sikupi."

"Mama, nipe sukari, nakufa."

"Ndiyo maana sikupi."

Nilimtukana. Mimi ambaye mnanijua, sijawahi kumtukana mtu mzima. Sikumbuki tusi lenyewe na yeye amekataa kunitajia. Ninachokumbuka ni uso wake, alivyonitazama bila hasira, na alivyosema, "Huo ni ugonjwa unaongea, mwanangu." Alikuwa amesema kweli tupu, akaitumia kinyume.

Niliondoka nikaingia kwenye mikorosho. Kwa nini, sijui. Kuanzia hapo kumbukumbu yangu ina tundu, na niliyoyatia humo ni maneno ya watu waliokuwepo, ambao hawakubaliani.

Wanasema nilitokea penye kinu cha Bibi Somoe, mama mzee anayekamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, huku nikiyumba na kusalimia miti. Msimu ulikuwa umekolea. Mabibo yamejaa chini, mengine yameoza, nyuki kila mahali, na wanaume wanne wamekaa na uraka wao, pombe ya mabibo. Msimu huo mtu anayeyumba hana ugonjwa mwingine.

"Huyu kaanza mapema!" mmoja akasema.

"Kanywea wapi? Mbona hatukumwona?"

"Mpe maji, Bibi, apoe."

Hapo Bibi Somoe akasema neno ambalo wote wanne wanalikumbuka sawasawa. "Maji? Maji haya nimeyafuata bondeni na kuyapandisha kwa kichwa changu, leo nimnyweshe mlevi? Maji yangu ni ya mboga na ya udhu. Mlevi atakunywa kilichopo."

Na kilichokuwepo, mbali na uraka ambao aliona umeshanitosha, kilikuwa maji ya mabibo aliyoyakamua asubuhi hiyo, hayajachacha, matamu. Akanichotea kata nzima. Nilikunywa. Wanasema nilikunywa kama ndama. Akachota ya pili.

Ya pili imefika mdomoni ndipo Mama Asumini akatokea kwenye mikorosho, mzigo ameutupa njiani, kanga inaburuta, anapiga kelele.

"Msimpe! Msimpe kitu kitamu! Mnamuua!"

Akaipiga ile kata kwa mkono ikaruka. Bibi Somoe akasimama.

"Wewe nani unamwaga vyangu?"

"Ana kisukari! Sukari ni sumu kwake, kasema mwenyewe, Chiungutwa nzima imesikia!"

"Nnungu wangu," akasema Bibi Somoe, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao, akakaa chini.

Basi wote wakakaa kunisubiri nife. Wanaume wanne waliweka vikombe chini kwa heshima. Mama Asumini alinipakata kichwa akaanza kusoma dua. Mmoja akauliza jina langu ili apelekwe mtu Masasi, na hapo ikaonekana kwamba hakuna anayelijua. Siku tatu Mama Asumini alikuwa ananiita mwanangu.

Mimi naanzia kukumbuka tena hapo. Nilisikia dua, nikafungua macho, nikaona nyuso sita na nyuki. Nikasema, "Mama, tumefika wapi?"

 Nikakaa. Nikaomba yale matamu tena. Wakatazamana.

"Nilisema," akasema mmoja wa wanywaji. "Maji ya mabibo yanakata ulevi."

"Hakulewa! Ni dua," akasema Mama Asumini.

Nikajaribu kueleza: kwamba sukari ikipanda ni hivi, ikishuka ni vile, kwamba sindano inaishusha na chakula kinaipandisha, kwamba ile ya mfukoni ilikuwa dawa. Nilieleza vibaya, kichwa kilikuwa bado kizito. Bibi Somoe akanikatiza.

"Juzi sukari sumu. Leo sukari dawa. Shika moja, kijana, ndipo watu wakusaidie."

Mama Asumini alifungua pindo la kanga. Mfuko wa sukari ulikuwa na joto la mwili wake. Akauweka mapajani mwangu.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia nusu." Akaanza kulia, si kwa sauti. "Nusu yenyewe ile ya kuulia."

 Tulikaa pale hadi nikala mihogo miwili na korosho za kuchoma. Bibi Somoe alikataa kupokea chochote, ila alitaka jambo moja: niseme mbele ya wanaume wale kwamba maji ya mabibo hayakati ulevi. Nikasema. Hawakuamini. Nasikia wanaendelea kuyanywa asubuhi kwa kazi hiyo.

Newala

Tuliokota vitu vyetu njiani, lori likatukuta, tukafika. Duka lilikuwepo na friji ilikuwepo. Muuguzi yule ni mama mwembamba, miwani imefungwa uzi. Nilipotaja insulini nilikuwa nimeshikilia meza, kwa kuwa kama angesema imekwisha, sikuwa na pengine pa kwenda. Akafungua friji, akatoa vichupa viwili. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Mama Asumini alikuwa amenifuata hadi ndani. Hakuwa ananiacha tena. Muuguzi akatuuliza ilikuwaje hadi tukafika katika hali ile, tukamweleza wote wawili kwa pamoja. Akasikiliza hadi mwisho, ndipo akaniuliza:

"Pale unapolala sasa, nani anajua la kukufanyia?"

"Mimi mwenyewe najua."

"Wewe utakuwa umeanguka. Nakuuliza mwingine."

Nikafikiria. Nikawapitia nyote, mmoja mmoja, hapa bandani, na watu wa Nachingwea, na wa Lindi, na wa kila mahali nilipofanya kibarua. Nikaona wote mnajua kwamba sinywi soda.

Muuguzi akaniacha, akamgeukia Mama Asumini, akamfundisha la kufanya, kisha akaanza kumwuliza kama mwalimu na mwanafunzi.

"Akitetemeka, akitoka jasho, akisema ovyo?"

"Nampa sukari upesi."

"Hata kama amesema sukari ni sumu?"

"Hata akilia."

"Akizinduka?"

"Nampa chakula, siyo nusu."

"Akiwa hajitambui, hawezi kumeza?"

"Simtii kitu mdomoni. Namlaza ubavu, naita watu, hospitali."

"Vizuri."

"Na akisema ovyo bila kutetemeka?" akauliza Mama Asumini.

"Hiyo itakuwa tabia yake," akasema muuguzi.

Nililala siku mbili kwa mkwewe Mama Asumini. Nilimwona mjukuu, nikakaribishwa ugali sahani nzima. Hayo ndiyo yaliyogeuka ndoa yalipofika Masasi.

Kurudi

Nilirudi kwa basi. Pembeni yangu alikaa mtu mzima mwenye kofia ya sufu licha ya joto, begi amelipakata. Gari halijaondoka nikamgeukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamwambia jina langu. Nikamwambia nina kisukari, najidunga sindano, hatari ni mbili, ya sukari kupanda haina haraka, ya kushuka ina haraka. Nikamwonyesha mfuko wa sukari uko upande gani wa begi. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu maneno mengi kiasi hicho kuhusu mwili wangu, na sauti ilikuwa inanitetemeka hadi nikaogopa atadhani sukari ndiyo inashuka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyanyuka na begi lake, akaenda kukaa kiti cha nyuma.

Nilitazama dirishani. Nikajisemea, haya, ndiyo maana watu hawasemi. Basi likaanza kuteremka mlima, kona ya kwanza, kona ya pili. Wanawake walikuwa wanapanda na ndoo za maji vichwani. Nilikuwa najaribu kuchagua kama nimwambie na kondakta au niache, na sikuwa nimefikia uamuzi, nilipoona kofia ya sufu inarudi kati ya viti, mzee anajishikilia huku na huku. Alikaa. Akapanga begi lake mapajani. Kumbe alikwenda kumwuliza mtu wa nyuma, au alikwenda kufikiri, sijui, sikumwuliza.

"Hiyo sukari," akasema, "nikupe kavu au niikoroge kwenye maji?"

"Maji yakiwepo, ikoroge."

Akaitikia kwa kichwa. Tulipofika chini kabisa ya mlima akaniuliza:

"Kijiko kimoja au viwili?"

"Viwili, mzee," nikamwambia. "Ukiona bado, ongeza."